Kusoma Jiografia Chuo Kikuu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua, Kutoka Shahada ya Kwanza Hadi Uzamivu

Jiografia ni miongoni mwa masomo machache ambayo mwanafunzi mmoja anaweza kupima kasi ya maji mtoni asubuhi, na jioni akawahoji wavuvi kuhusu mipaka ya maeneo yao, na kazi zote mbili zikahesabiwa kuwa za somo lile lile. Upana huo ndio utajiri wake, na ndio pia unaowapoteza wanafunzi wengi, kwa kuwa wanafika mwaka wa mwisho wakiwa wameonja kila kitu bila kujua wanachotafuta. Mwongozo huu unafuata safari nzima, na jambo moja litarudi katika kila hatua: swali litangulie zana. Mwanajiografia huuliza kwa nini kitu fulani kiko hapa na si pale, na kuwa kwake hapo kunabadilisha nini. Ramani, setilaiti, hojaji na kompyuta ni watumishi wa swali hilo.

Hatua ya kwanza: Ichunguze idara kabla ya kuomba nafasi

Jiografia haina makao mamoja. Katika vyuo vingine imewekwa chini ya kitivo cha sayansi, kwingine chini ya sayansi za jamii au sanaa, na kwingine imeunganishwa na mazingira au jiolojia. Jina la shahada linaweza kuwa lile lile huku mafunzo yakitofautiana kabisa, kwa hiyo usitosheke na jina. Tafuta mtaala wenyewe, uusome mwaka kwa mwaka, na ujue ni masomo gani ya lazima na ni yapi ya kuchagua. Angalia kama takwimu zinafundishwa kwa wote, kama mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani programu za kuhifadhi na kuchambua data za mahali, inaanza mapema au inasubiri mwaka wa mwisho, kama kuna tasnifu ya mwisho ambayo mwanafunzi anaiandika mwenyewe, na zaidi ya yote, kama mwanafunzi anapelekwa uwandani. Idara isiyo na kazi ya uwandani inaweza kukufundisha kuhusu jiografia, lakini itakuwia vigumu kuwa mwanajiografia ndani yake.

Uelewe pia hesabu ya muda. Katika nchi za Ulaya zinazofuata mfumo uliotokana na Azimio la Bologna la mwaka 1999, makubaliano ya kuzioanisha shahada za vyuo, shahada ya kwanza kwa kawaida ina kredi 180 hadi 240, yaani miaka mitatu au minne, na kila kredi inakadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Mwaka wa kredi 60, basi, ni saa 1,500 hadi 1,800, na nyingi kati ya hizo hazimo katika ratiba ya mihadhara. Ni saa za kusoma, kuandika na kuchora unazotakiwa kuzipanga mwenyewe. Nchini Marekani shahada ya kwanza ni ya miaka minne kwa kawaida, na sehemu ya mwanzo huchukuliwa na masomo ya jumla. Anayelinganisha vyuo vya mifumo miwili tofauti alinganishe saa na maudhui, kwa kuwa idadi ya miaka peke yake haisemi mengi.

Hatua ya pili: Mwaka wa kwanza, ramani na daftari

Mwaka wa kwanza una kazi mbili zilizo muhimu kuliko zote. Ya kwanza ni kujifunza kusoma ramani hadi uanze kuishuku. Chukua ramani ya dunia iliyochorwa kwa projeksheni (njia ya kuhamisha uso wa dunia kwenye karatasi) ya Mercator, iliyotolewa mwaka 1569 ili kuwasaidia mabaharia kushika mwelekeo mmoja wa dira kwa mstari ulionyooka. Ndani yake Greenland inaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, ilhali Afrika, yenye takriban kilomita za mraba milioni 30, inaizidi mara 14 hivi. Ramani hiyo haikukosewa; ilihifadhi pembe na kuyatoa mhanga maeneo, kwa sababu hakuna namna ya kuulaza mviringo wa dunia juu ya karatasi bila kupoteza kitu. Vivyo hivyo, mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi alipoikamilisha ramani yake mwaka 1154 katika himaya ya mfalme wa Sicily, aliweka kusini juu, na hakuna sheria ya maumbile inayosema kaskazini ndiyo yenye haki ya kukaa juu. Jizoeze kuuliza kuhusu kila ramani unayoishika: nani aliichora, kwa matumizi gani, kwa projeksheni ipi na skeli ipi, na ni nini kilichoachwa nje.

Kazi ya pili ni kuanzisha daftari la uwandani na kulitunza tangu juma la kwanza, bila kungoja safari rasmi ya idara. Mwaka 1802 mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt na wenzake walipanda mlima Chimborazo, nchini Ekuador ya leo, na ingawa hawakufika kileleni, walipanda wakipima shinikizo la hewa na kuandika mimea na hali waliyoikuta katika kila kimo. Kutokana na vipimo vya safari zake katika milima hiyo alichora mchoro wa mlima mmoja unaoonyesha jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda. Nguvu ya mchoro ule ilitoka katika kuandika mambo ya aina tofauti mahali pamoja, na hiyo ndiyo tabia ya kuiga. Katika kila ukurasa andika tarehe, saa, mahali kwa latitudo na longitudo, hali ya hewa, kisha ulichokiona. Unachokifikiria kuhusu ulichokiona kiandike ukurasa wa upande wa pili, kisichanganyike na cha kwanza. Chagua njia moja ya kilomita moja, iwe ya mtaani, ya mtoni au ya mlimani, na uipite mara nne katika mwaka ukiandika kwa utaratibu ule ule. Mwanafunzi aliyefanya hivyo anaanza kuona mabadiliko ambayo hakuna kitabu kingemwonyesha.

Na takwimu zisikuogopeshe. Wengi huchagua jiografia wakidhani wameikimbia hisabati, kisha wanaikuta ikiwasubiri. Wastani, mtawanyiko, uhusiano wa vigeu (mambo yanayobadilika) viwili na namna ya kuchukua sampuli ni mambo yanayoeleweka kwa mazoezi ya kila juma, na yasipoeleweka mapema yatakugharimu katika kila ngazi inayofuata.

Hatua ya tatu: Miaka ya kati, bila kuharakisha kuchagua upande

Mara nyingi idara hugawanyika pande mbili. Upande mmoja kuna jiografia ya maumbile, yaani sura ya nchi, maji, hali ya hewa, udongo na viumbe. Upande wa pili kuna jiografia ya binadamu, yaani miji, uchumi, siasa, uhamaji na utamaduni. Utashawishiwa kuchagua mapema. Ushauri wangu ni kuchelewesha uchaguzi huo kadiri mtaala unavyoruhusu. Fikiria mafuriko: mtaalamu wa maji atakueleza kwa nini mto ulipanda hadi kimo fulani, lakini hatakueleza kwa nini nyumba zilizozama ni za watu fulani na si za wengine. Jibu la hilo limo katika bei ya ardhi, sheria za ujenzi na historia ya makazi. Aliyesoma upande mmoja pekee ataandika nusu ya maelezo akidhani ni maelezo kamili.

Huu ndio wakati wa kujifunza programu. QGIS ni programu huria ya kuchora na kuchambua ramani iliyoanza mwaka 2002, inapatikana bure, na inatosha kwa karibu kila kazi ya shahada ya kwanza. R na Python, ambazo ni lugha za kompyuta, pia ni bure, na zinafaa kwa uchambuzi wa takwimu na kazi zinazorudiwarudiwa. Kuna kosa moja ambalo nalitaja kwa sababu linaharibu kazi nyingi nzuri. Data za mahali zikiwa katika latitudo na longitudo, kompyuta inaweza kukokotoa eneo au umbali kwa digrii bila kulalamika, na mwanafunzi akaandika matokeo yasiyo na maana. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111 popote ulipo, ila digrii moja ya longitudo, ambayo kwenye ikweta inakaribia urefu huo huo, hupungua hadi karibu nusu yake ukifika latitudo ya 60. Kabla ya kupima chochote, hamisha data zako katika mfumo wa kuonyesha mahali kwa namba (mfumo wa kuratibu) unaotumia mita. Mfumo unaozoeleka sana ni UTM, ambao umeigawa dunia katika kanda 60 zenye upana wa digrii sita kila moja. Andika katika daftari ni kanda ipi uliyotumia.

Pamoja na yote hayo, programu haikupi swali. Ramani ya kipindupindu ambayo daktari John Snow aliichora baada ya mlipuko wa mwaka 1854 mjini London husimuliwa kana kwamba alitia alama za vifo kwenye karatasi na pampu yenye maji machafu ikajitokeza yenyewe. Ukweli una mafunzo zaidi: Snow alikuwa amekwisha kuchapisha hoja yake kwamba ugonjwa huo husambazwa na maji mwaka 1849, miaka mitano kabla ya mlipuko huo. Alikwenda mtaani akiwa na swali, akagonga milango, na akawafuatilia hasa wale walioonekana kuivunja hoja yake, kama wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilicho karibu na pampu ambao hawakuugua, na mjane aliyeishi mbali na mtaa huo lakini akafa. Ikabainika kwamba wafanyakazi hao hawakuwa wakinywa maji ya pampu ile, na mjane yule alikuwa akiletewa nyumbani maji ya pampu hiyo. Katika ramani yako mwenyewe, tafuta nukta zisizokaa pale ulipotarajia, uziendee hizo kwanza.

Hatua ya nne: Tasnifu ya kwanza

Tasnifu ya mwisho wa shahada ya kwanza ndiyo mara ya kwanza hakuna anayekuambia utafute nini, na kosa la kawaida ni kuchagua mada badala ya swali. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo" ni mada ambayo hata jopo la mamia ya wanasayansi haliimalizi. Ipunguze mpaka iingie katika miezi uliyo nayo. Kwa mfano: je, wakulima wa bonde moja wamebadilisha wakati wa kupanda katika misimu kumi iliyopita, na je, mabadiliko hayo yanafuata tarehe za mvua za kwanza zilizorekodiwa katika kituo cha karibu? Swali hili lina mahali, muda, watu wa kuulizwa, na rekodi ya kulinganisha na majibu yao.

Lipime swali lako kwa njia tatu. Jiulize kama kuna jibu linaloweza kupatikana likaonyesha kwamba ulikosea, kwa sababu kama kila jibu litakuthibitisha, hujauliza kitu. Jiulize kama data zipo na kama utaruhusiwa kuzitumia. Kisha jiulize kama unaweza kulifafanua kwa mtu asiyesoma jiografia kwa sentensi mbili akaelewa kwa nini linafaa kuulizwa. Likipita hapo, fanya jaribio dogo: wahoji watu watano, au pima vituo vitatu, kisha urudi urekebishe hojaji na vifaa kabla ya kuanza kazi yenyewe. Nimeona kwamba siku mbili za jaribio huokoa majuma.

Gawa muda wako ili theluthi ya mwisho yote iwe ya kuandika. Wanafunzi hukusanya data mpaka siku za mwisho kwa kuwa kukusanya kunaridhisha, kisha huandika kwa haraka, na msomaji anaona haraka hiyo kuliko anavyoona data. Katika sura ya mbinu, eleza ulichofanya kwa ukamilifu kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kukirudia mahali pale pale. Mapungufu ya kazi yako yataje mwenyewe waziwazi; mtahini huwa mpole zaidi kwa udhaifu uliokiriwa kuliko ule anaoufukua.

Hatua ya tano: Uzamili

Si lazima kuendelea moja kwa moja. Mwaka mmoja au miwili kazini, katika mipango miji, upimaji, hifadhi ya mazingira au takwimu, humpa mtu maswali ambayo darasa halimpi, na barua yake ya maombi huonyesha tofauti hiyo. Ukiamua kuendelea, tambua kuna uzamili wa masomo na uzamili wa utafiti. Wa kwanza unafaa anayetaka ujuzi mahususi kwa ajira, wa pili unafaa anayefikiria uzamivu. Barani Ulaya shahada hii kwa kawaida ni ya kredi 60 hadi 120, muda mfupi sana kwa mtu anayefika bila kujua anataka kuchunguza nini.

Linalobadilika katika ngazi hii ni kwamba hutumii mbinu tu, unazihukumu. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alionyesha jambo ambalo kila mwanafunzi wa uzamili anapaswa kulielewa hadi aweze kumfundisha mwingine. Kwa kutumia data za sensa ya Marekani ya mwaka 1930, alionyesha kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi waliozaliwa nje ya nchi ndiyo yaliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha kusoma na kuandika, ilhali mtu mmoja mmoja, wahamiaji hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma kuliko wazawa. Namba zote mbili ni za kweli. Kosa ni kulichukua linalohusu jimbo na kulisema kuhusu mtu, kwa kuwa wahamiaji walikuwa wameelekea kukaa katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa na elimu zaidi. Ndugu wa tatizo hilo ni lile la mipaka: data zile zile zikijumlishwa kwa kata zinaweza kuonyesha uhusiano ambao utadhoofika au kugeuka zikijumlishwa kwa wilaya. Kwa hiyo, kabla ya kuamini ramani yako inayopaka kila eneo rangi kwa thamani yake, ichore upya kwa mipaka tofauti. Kama hoja yako inasimama kwa mgawanyo mmoja tu, iandike kwa unyenyekevu.

Kazi yenye watu inahitaji kibali cha maadili ya utafiti kutoka chuoni, na pengine kibali cha serikali ya mahali unapokwenda. Anza kuviomba mara tu swali linapokamilika, kwa sababu vibali havijali ratiba yako. Mhojiwa aelezwe unachokifanya kwa lugha anayoielewa, ajue anaweza kukataa au kuacha katikati, na taarifa zake zitunzwe mbali na jina lake. Mwanajiografia ana wajibu wa ziada ambao wengine huusahau: nukta kwenye ramani ni utambulisho pia. Kumwondoa mtu jina kisha kuonyesha nyumba yake kwa usahihi wa mita tano ni sawa na kutomwondoa.

Hatua ya sita: Uzamivu

Kwa uzamivu unachagua mtu kabla ya chuo. Soma makala za hivi karibuni za wasimamizi unaowafikiria, usitosheke na orodha ya vichwa vya makala hizo, kisha mwandikie mmoja mmoja barua fupi inayotaja ni kipi katika kazi yake kimekufikisha kwake, swali lako ni lipi, na kwa nini unaweza kulifanyia kazi. Barua moja iliyotumwa kwa watu thelathini hujulikana kwa mstari wa kwanza. Ikiwezekana, zungumza na wanafunzi wake wa sasa, uwaulize anarudisha rasimu baada ya muda gani na huwaje mambo yanapokwenda vibaya. Utaishi na majibu hayo kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Ufadhili nao ujadiliwe mapema na waziwazi. Marekani mara nyingi mwanafunzi hulipwa kwa kusaidia kufundisha au kutafiti, na huanza kwa masomo na mitihani kabla ya utafiti. Katika nchi kadhaa za Ulaya kaskazini mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa wa chuo. Uingereza huanza na utafiti karibu mara moja, na ada na posho hutegemea mfadhili.

Pendekezo la utafiti lipimwe kwa data zilizopo. Anayetaka kufuatilia jinsi msitu ulivyobadilika tangu miaka ya 1980 hawezi kutegemea setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zenye pikseli (vipande vidogo vinavyounda picha) za mita 10, kwa kuwa ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Atahitaji Landsat, mfululizo wa setilaiti za Marekani ulioanza mwaka 1972 na ambao tangu mwaka 1982 umetoa picha zenye pikseli za mita 30, na hifadhi yake ya picha imefunguliwa bure kwa wote tangu mwaka 2008. Lakini kama badiliko analolitafuta ni la vishamba vidogo kuliko pikseli moja, basi picha hizo hazitamwonyesha, na ni afadhali alijue hilo kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Usidhani kwamba uzamivu unadai eneo kubwa. Tasnifu ya mwanajiografia wa Uswidi Torsten Hägerstrand, iliyotolewa mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Lund, ilichunguza jinsi mambo mapya, kama ruzuku za malisho na upimaji wa kifua kikuu cha ng'ombe, yalivyoenea kutoka kwa mkulima hadi mkulima katika eneo dogo la kusini mwa Uswidi. Eneo lilikuwa dogo na mambo yenyewe ya kawaida, ila swali lilikuwa la wote: wazo jipya husafiri vipi kati ya watu wanaoishi karibu na wanaoishi mbali? Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1967, na njia yake ya kufikiri ikatumika mbali sana na mashamba yale.

Mwaka wa kwanza utumie kusoma, kujaribu mbinu na kuandika, hata kama maandishi hayo yatatupwa. Mwaka wa pili kwa kawaida ni wa uwandani au wa kukusanya data, na ndio wenye upweke mkubwa. Panga mazungumzo ya mara kwa mara na msimamizi, na uandike ripoti ya ukurasa mmoja kila mwezi hata asipoiomba. Data zitunze mahali pawili tofauti, na daftari lipigwe picha kila jioni. Amua mapema na msimamizi kama utaandika tasnifu moja ndefu au mkusanyiko wa makala, kwa kuwa kila njia ina ratiba yake: makala hungoja wahakiki kwa miezi mingi.

Utetezi wa tasnifu hutofautiana kwa nchi. Uingereza hufanyika faraghani mbele ya watahini wawili kwa kawaida, na unaweza kuchukua saa kadhaa. Ufini na Uswidi hufanyika hadharani, mbele ya mpinzani aliyeteuliwa kuihoji kazi. Popote pale, jiandae kwa kuisoma tasnifu yako yote upya ukiandika kando ya kila sura swali ambalo ungemuuliza mwandishi kama angekuwa mtu mwingine. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelichunguzaje.

Masahihisho yakikamilika, weka data na misimbo yako ya kompyuta katika hazina ya data ya chuo, ukiwa umeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mhojiwa. Halafu andika muhtasari wa kurasa mbili, wenye ramani moja iliyo wazi na bila istilahi nzito, katika lugha ya watu waliokupa muda wao, uwapelekee.